Gari la Baba Juu ya Meza



Mhariri wa kitabu chetu aliponiomba kurasa chache kwa mwaka huu, alitaka nieleze jinsi ninavyopiga picha za magari madogo. Habari zilikwisha kumfikia kwamba yuko bibi mmoja hapa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, ambaye hushinda Jumamosi nzima amepiga magoti mbele ya meza ya chakula, jicho kwenye kamera, na mbele yake gari la urefu wa kidole. Habari hizo ni za kweli, nami nitaeleza. Walakini siwezi kuieleza kazi hiyo bila kuitaja picha moja tuliyoipoteza, wala siwezi kuitaja picha hiyo bila kumtaja kaka yangu wa Houston. Yeye ameyasoma haya mara mbili na amenipa ruhusa.

Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa teksi ya abiria baina ya Mombasa na Malindi. Gari lake lilikuwa Peugeot 404 nyeupe, ile yenye mgongo mrefu na safu tatu za viti. Vijana wa leo hawaijui Pijo, lakini wazee watanielewa. Gari hilo lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na katika mashindano ya Safari Rally lilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa Pijo 404. Baba hakuwa mtu wa majivuno, ila habari hiyo aliweza kumsimulia abiria kutoka Mtwapa mpaka Kilifi bila kupumua.

Kilifi wakati huo hapakuwa na daraja. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991; kabla ya hapo magari yalipanga foleni kungoja feri. Siku moja ya mwaka 1970, katika foleni hiyo, abiria mmoja mwenye kamera alimpiga Baba picha. Baada ya miezi mitatu ikafika kwa posta. Baba amesimama kando ya mlango wake, mkono mmoja juu ya paa, kofia ya kiua kichwani, na juu ya gari kuna keria imejaa makanda na baiskeli moja. Ilikuwa picha moja tu, bila negativu. Picha nyingine za Baba zote zilikuwa za studio au za pasipoti, uso umekazwa kama yuko mahakamani. Ile ya Kilifi peke yake ndiyo aliyokuwa akicheka.

Baada ya Mama kufariki, albamu ya nyumbani ilikuja Marekani. Kaka ndiye mkubwa wetu, basi akakabidhiwa yeye. Aliiweka Houston, upande wa kusini-magharibi, si mbali na Brays Bayou, katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Wengi wenu mnakumbuka Agosti 2017. Kimbunga Harvey kiliingia pwani ya Texas usiku wa tarehe 25, na badala ya kupita kikakaa. Maeneo mengine ya Houston yalipata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa siku chache. Kaka na wifi yangu walitolewa kwa mashua, wamebeba dawa na pasipoti. Waliporudi siku ya nane sanduku lilikuwa limejaa matope, na albamu imeshikana kipande kimoja kama tofali. Kaka, kwa haraka ya kuiokoa, akaianika juani. Baadaye ndipo tulipojua kwamba hilo ndilo lililoimaliza. Picha zilizolowa na kugandana zisiachwe zikauke hivyo. Hutiwa katika maji safi ya baridi zikabanduliwa polepole moja moja, kisha zikalazwa juu ya kitambaa safi, uso juu. Na kama nafasi hakuna, huviringwa karatasi ya nailoni zikawekwa katika friza mpaka upatikane wakati. Naandika haya ili mwingine asije akaumia kama sisi.

Kaka hakutuambia ila baada ya miezi minne. Hakuna aliyemlaumu, Mungu ni shahidi. Lakini mtu aliyepoteza amana hangoji kulaumiwa na mwingine. Tangu hapo hakuja tena kwenye Idi zetu huku kaskazini. Kila mwaka ana zamu kazini, au gari linahitaji fundi. Kutoka Houston mpaka Dallas ni maili 240 kwa barabara ya I-45, mwendo wa saa nne. Kwake ikawa kama kwenda Mombasa kwa miguu.

Sasa nije kwenye magari madogo. Mjukuu wangu ana vigari vya Hot Wheels, ambavyo kampuni ya Mattel ilianza kuviuza mwaka 1968. Siku moja aliniomba nimpigie picha vigari vyake "viwe kama vya kweli." Nikapiga, naye akaziangalia kwa heshima, akasema, "Bibi, haya ni ya kuchezea tu." Nikaona haya kidogo. Ndipo nilipoanza kujifunza, kwa makosa yangu mwenyewe.

Vifaa ni vichache. Karatasi kubwa ya manila, nyeupe. Ncha moja hubandikwa ukutani, nyingine hutambaa juu ya meza, na katikati inaachwa ijipinde yenyewe. Usiikunje kwa mkono, maana mkunjo utaonekana nyuma ya gari kama mstari. Taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja. Karatasi nyeupe ya kuokea, itandazwe mbele ya taa ili mwanga uchujwe. Isiguse balbu, hasa kama ni zile za zamani zinazopata moto. Vipande viwili vya kadibodi. Kisimamio cha miguu mitatu cha kushikia kamera. Na brashi laini ya poda, kwa sababu chembe ya vumbi ambayo jicho halioni, katika picha huwa jiwe barabarani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwanga. Niliwasha taa zote mbili sawasawa, gari likawa na vivuli viwili. Duniani jua ni moja, na jicho la mtu linajua hivyo hata kama mwenyewe hajui kwamba anajua. Nikazima taa moja, na upande wa kivuli nikasimamisha kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga kidogo. Pia nilifunga pazia, kwa maana taa ina umanjano na dirisha lina ubuluu, na vikichanganyika gari huwa na mashavu ya rangi mbili.

Kosa la pili lilikuwa kusimama. Nilipiga picha nikiwa wima, nikiliangalia gari kutoka juu kama ndege. Hakuna mtu aonaye gari la kweli hivyo ila aliye ghorofani. Kamera lazima ishuke mpaka mahali ambapo jicho la mtu lingekuwa, kama mtu huyo naye angekuwa mdogo kwa kipimo kile kile. Hapo ndipo magoti yangu yalipoingia kazini.

Kosa la tatu lilikuwa kusogea karibu mno. Kamera ikiwa karibu sana, taa ya mbele ya gari huonekana vizuri na gurudumu la nyuma huwa ukungu, na ukungu huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kitu ni kidogo. Dawa yake ni kurudi nyuma, kubana tundu la lenzi, na kuiacha kamera ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi. Na kwa kuwa mkono hutikisika, tumia saa ya kamera: bonyeza, ondoa mkono, ngoja ijipige yenyewe. Wenye simu za siku hizi wanaweza vile vile, mradi simu iegemezwe isitikisike.

Kosa la nne ni la kamera yenyewe. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na karatasi nyeupe ikatoka ya kijivu kama shuka la hoteli kuukuu. Basi lazima uiongezee mwanga kwa makusudi.

Nilipokwisha kuyajua hayo, mjukuu wangu aliridhika, nami nikadhani nimemaliza. Kumbe sijaanza. Mwaka juzi, katika mnada wa vitu vya kale huku Dallas, nilikiona kijigari kimesimama peke yake katikati ya vikombe: Peugeot 404 nyeupe, ya mgongo mrefu. Kilikuwa cha Norev, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa 1946, ambayo jina lake ni jina la ukoo wa wenyewe, Véron, likisomwa kinyumenyume. Kipimo chake ni 1 kwa 43. Nilikinunua bila kuuliza bei mara ya pili, nikakaa nacho garini dakika nyingi kabla ya kuwasha injini.

Wazo likaniingia: nikipige picha, iingie katika kitabu chetu mahali pa ile ya Kilifi. Nikampigia simu shangazi yetu wa Fort Worth, dada yake Baba, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, picha ya mwanasesere si picha ya mtoto. Utawaonyesha wajukuu kitu cha plastiki uwaambie ndiyo jasho la babu yao?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumkumbusha kwamba yeye mwenyewe ana picha ya ujana wake, iliyopigwa studio Mombasa, amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za jumba ambalo hakuna aliyewahi kulipanda. Hakuna aliyemwita mwongo. Lakini mkubwa hajibiwi hivyo, na zaidi ya hayo, alikuwa na haki. Nilikwisha kupanga kutandaza mchanga, nichore bahari nyuma, niweke na feri ya kadibodi. Usiku ule nikaiacha mipango hiyo yote. Nikaamua itakuwa karatasi nyeupe tu, gari, na maneno chini yake yanayosema ukweli.

Walakini gari lilikuwa halijakamilika. Lilikuwa halina keria, na Pijo ya Baba bila keria si Pijo ya Baba. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 9 picha ile ilipopigwa; keria naikumbuka kwa mbali. Aliyeijua ni Kaka. Likizo zote za shule yeye alikuwa utingo wa Baba, akipanda juu kufunga mizigo. Basi nikampigia.

Nikamwambia, "Kaka, shikamoo. Nina swali. Keria ya Baba ilikuwa na vyuma vingapi vya kukata?"

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Marahaba. Vitano. Na cha mbele kilipinda, tangu siku ile ya jeneza la kutoka Takaungu. Kwani vipi?"

Nikamweleza. Hakusema atakuja. Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, gari lake lilikuwa mbele ya nyumba yangu.

Alikishika kijigari, akakigeuza, akakipeleka dirishani. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Usukani uko upande wa Kifaransa." Kweli, mimi sikuona. Mwanangu, anayejua mambo ya kompyuta, alisema ni jambo dogo: picha ikishapigwa ataigeuza kama katika kioo, na usukani utahamia kulia. Kaka akakataa. "Tukianza kumgeuza," alisema, "tutaishia wapi?" Nikamkumbuka shangazi, nikanyamaza.

Kisha akaomba klipu za karatasi na koleo. Wale waliokulia kwetu wanajua kwamba kila mtoto wa kiume alitengeneza magari ya waya, yenye magurudumu ya kandambili kuukuu na usukani mrefu wa kuyasukumia barabarani. Kaka alikuwa fundi wao. Sasa ana miaka karibu 70 na vidole vimekuwa vizito, lakini alikaa saa mbili kwenye meza yangu ya jikoni, mjukuu wangu pembeni akimshikia miwani ya kukuza. Alipinda, akakata, akatupa, akaanza tena. Ilipokwisha, keria ilikuwa na vyuma vitano vya kukata, na cha mbele kimepinda.

Tukaanza kazi, na hapo taabu mpya ikajitokeza. Gari jeupe juu ya karatasi nyeupe hupotea. Paa liliyeyuka katika mwanga, zikabaki tairi nne na madirisha yanaelea hewani. Nikaongeza taa, likazidi kutoweka. Nikapunguza, karatasi ikawa chafu. Baada ya kuhangaika nikakumbuka kwamba kitu chenye kung'aa huonyesha kilicho karibu nacho. Gari lile lilikuwa halina mipaka kwa sababu kila upande lilizungukwa na weupe. Nikaenda chumbani nikatoa buibui langu la zamani, jeusi. Tukalitundika juu ya viti viwili, kulia na kushoto, nje kidogo tu ya macho ya kamera. Palepale mstari mwembamba mweusi ukatambaa ukingoni mwa paa, ukashuka nguzo za madirisha mpaka bampa, na Pijo ikasimama mbele yetu kama aliyeitwa jina.

Kaka akasema, "Buibui la Mama lilikuwa likining'inia kwenye kiti cha nyuma." Sikulikumbuka hilo. Sasa nalikumbuka.

Ilibaki kuamua kamera ikae kimo gani. Nilimwambia hesabu yangu. Macho ya mtu mzima aliyesimama ni kama mita 1.6 kutoka ardhini. Ukigawa kwa 43 unapata sentimita 3.7. Kaka akafikiri. "Hapana," akasema, "piga kwa macho ya mtoto." Tukapima mjukuu wangu, ambaye macho yake yako mita 1.1 juu ya sakafu. Gawa kwa 43: sentimita mbili na nusu. Lenzi yangu ni nene, haiwezi kushuka hivyo juu ya meza, basi tuliinua gari juu ya sanduku la viatu pamoja na karatasi yake, na kamera ikashuka kwenye kisimamio mbele ya meza.

Nilipochungulia, nilikuwa barabarani. Paa lilikuwa juu ya kichwa changu. Mlango wa dereva ulikuwa mkubwa, kama ulivyokuwa, na kitasa chake nilitakiwa kunyanyua mkono kukifikia.

Nilitaka kuliweka gari katikati ya picha. Kaka akalisogeza kidogo upande mmoja. "Mwachie nafasi ya kusimama," akasema. Basi mbele ya mlango pana weupe mtupu, upana wa mtu mmoja.

Kisha akatia mkono mfukoni akatoa sarafu tatu za Kenya, za senti kumi, zimeliwa na matope lakini maandishi yanasomeka. Zilikuwa ndani ya lile sanduku la bati. Mnajua kwamba neno matatu linatokana na mapeni matatu ya namna hiyo, nauli ya senti thelathini. Akazipanga kwenye karatasi, karibu na gurudumu la mbele. Sarafu moja inakaribia kimo cha paa, na yeyote atakayeitazama picha atajua mara moja kwamba gari ni dogo. "Shangazi hatasema tumedanganya," akasema.

Nikabonyeza, nikaondoa mkono. Sote tulishika pumzi, hata mtoto, mpaka kamera ilipolia.

Usiku ule, baada ya chakula, Kaka alizungumza habari za albamu kwa mara ya kwanza. Hayo nitayaacha baina yetu. Nitasema tu kwamba alilala kwangu, na asubuhi tulikwenda pamoja Fort Worth. Shangazi aliishika picha mbali na macho, kisha karibu. Akahesabu vyuma vya keria kwa kidole. Alipofika cha mbele alimtazama Kaka, akasema, "Jeneza la Takaungu." Baadaye akauliza maneno ya chini yatasemaje, tukamsomea, akakubali. Ni haya: "Mfano mdogo wa gari la baba yetu. Gari lenyewe halipo tena, na picha yake ilichukuliwa na maji mwaka 2017. Keria imetengenezwa na mwanawe mkubwa."

Mhariri ameahidi kuiweka katika ukurasa unaofuata.

Nina maombi mawili, kisha nimalize. La kwanza: kabla ya mvua nyingine, kila nyumba ipige nakala ya albamu yake, na nakala hizo zikae katika nyumba zaidi ya moja, moja Houston na nyingine huku. Karatasi ya manila, taa na subira vinatosha. Mwenye birika la kahawa la bibi yake, au mkufu, au hata ufunguo wa nyumba iliyouzwa, na alete pia. Karatasi ile ile itafaa. La pili: Idi ijayo wazazi waje na waya laini na kandambili kuukuu. Kaka atakuwepo. Amesema ataleta koleo lake.

Wasalaamu.